Kapteni Afundisha Bahari Mbita

Kapteni hakupewa cheo hicho na jeshi la majini wala na bandari yoyote. Alikitwaa mwenyewe baada ya likizo moja ya Kilifi, alipoketi kiti cha mbele cha kayaki ya watu wawili, kijana wa hoteli akaketi nyuma, wakazunguka kwenye hori mpaka kengele ya chakula cha mchana ilipolia. Safari hiyo huisimulia kama msafara aliouongoza. Wala pasingekuwa na wa kumpinga, kama si yeye mwenyewe, robo saa baadaye, kufikia sura ya vifaa na kutangaza huku kidole kikiwa hewani: "Katika kayaki ya watu wawili, mwenye ujuzi hukaa nyuma. Huyo ndiye anayeelekeza chombo. Mbele anawekwa abiria."

Hakuna aliyecheka. Watu wanaomsikiliza Kapteni huwa na adabu, na adabu ndiyo inayomweka mjini.

Siku hizi mji wenyewe ni Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, na si vigumu kuona kilichomvuta. Wageni wanaokwenda visiwa vya Rusinga, Takawiri na Mfangano hawataki tena kukaa tu kwenye boti ya injini wakipigwa na moshi. Wengine wanataka kupiga kasia wenyewe. Tuta lililoziba mlango wa maji kati ya Mbita na Rusinga tangu miaka ya 1980 limeondolewa, daraja likachukua nafasi yake, na maji yamepata njia. Vijana waliokulia ziwani wamepata kazi mpya ya kuwaongoza wanagenzi. Na penye wanagenzi, Kapteni haalikwi. Hutokea.

Jumamosi hiyo alitokea saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dakika ileile ambayo kijana mwongozaji, mzaliwa wa Rusinga, alikuwa amepanga kuwaingiza watu wake majini. Walikuwa walimu kadhaa wa sekondari kutoka Migori mjini, vijana wawili wa benki kutoka Homa Bay, na nesi wa kutoka Sori aliyekuwa amekwisha kulifunga jaketi lake la kuokoa maisha kabla ya kuambiwa. Kayaki zilikuwa zimepangwa mchangani. Ziwa lilikuwa tulivu kabisa. Kapteni alisimama kati ya watu na maji, kofia nyeupe yenye nanga kichwani, akafungua.

"Mabibi na mabwana. Bahari haina rafiki. Bahari haisamehi. Nami ni miongoni mwa wachache waliowahi kuitazama machoni."

Bahari aliyokuwa ameipa mgongo ilikuwa Ziwa Victoria, ambalo liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari yenyewe, halina chumvi, na liko kilomita 700 hivi kutoka pwani ya Mombasa. Mama mmoja aliyekuwa akisuuza sufuria karibu naye aliteka ndoo ya bahari hiyo akaenda nayo nyumbani kuchemsha chai.

Hotuba, Kapteni alieleza, ina nguzo kumi na moja. Nguzo ya kwanza ni kujaa na kupwa kwa maji. Hapo alichomoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua kwa heshima ambayo watu wengine huitunzia hati ya shamba. Lilikuwa jedwali la kujaa na kupwa kwa maji katika bandari ya Kilindini. Alipitisha ukucha kwenye safu ya tarehe, akanyamaza, akakokotoa, akatoa amri: leo maji yatajaa saa nane na robo mchana, kwa hiyo hakuna chombo kitakachoondoka Mbita kabla ya saa nane na robo.

"Jaduong'," mwongozaji alisema kwa upole, kwa namna kijana wa huko anavyomwambia mtu mzima, "hapa maji hayajai wala hayapwi. Na saa hizi ndipo ziwa limetulia."

"Kijana," Kapteni akajibu, "mwezi ni mmoja."

Hilo ni kweli, na pengine ndiyo kauli pekee ya asubuhi hiyo ambayo mnajimu angeitia sahihi. Ila mvutano wa mwezi juu ya ziwa, hata ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 68,800, ni mdogo kiasi kwamba mvuvi mwenye macho makali hawezi kuuona ufuoni. Kinachoendesha siku ya mpiga kasia Mbita ni upepo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na upepo huvuma taratibu kutoka ardhini kwenda ziwani. Jua likishaipasha ardhi mambo hugeuka: kuanzia adhuhuri upepo wa ziwani huingia Ghuba ya Winam kutoka magharibi na kuinua mawimbi mafupi yanayofuatana upesi, yale ambayo mwanagenzi hawezi kupumzika kati ya moja na jingine. Wavuvi wa matanga wamekuwa wakienda na upepo wa asubuhi na kurudi na wa alasiri tangu kabla ya injini kufika. Saa nane na robo, kwa maneno mengine, ndiyo saa mbaya kuliko zote ambazo jedwali la Kilindini lingeweza kuchagua, na liliichagua bila kujua kwamba Mbita ipo.

Mwalimu mmoja wa Migori, wa jiografia bila shaka, aliuliza kwa unyenyekevu: kama maji hayapwi, mbona kuna kuta za majengo zilizosimama ndani ya maji kule kando? Kapteni aling'aa. Alikuwa ameletewa ushahidi mezani. "Ile," alisema, "ni bamvua ya 2020. Mpaka leo haijapwa sawasawa." Mwaka 2020, baada ya mvua kubwa za miezi mingi, ziwa lilipanda mpaka kiwango cha juu ambacho vipimo havikuwa vimewahi kuonyesha, likameza nyumba, mashamba na bandari ndogo za wavuvi kando kando yake. Bamvua huja na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, ikaondoka kwa saa kadhaa. Hii ya Kapteni ilikuwa na umri wa kuanza shule.

Wakati huo mwongozaji alikuwa amehamia nyuma ya umati, na huko, kwa sauti ya mtu anayezungumza kanisani, alianza kumshughulikia kila mmoja peke yake. Kasia la kayaki lina bapa huku na huku. Liweke juu ya utosi, viwiko vikunje pembe mraba, hapo ndipo pa kushika. Vikanyagio visogezwe mpaka magoti yaguse chombo kwa ndani. Nguvu itoke kiunoni, kwa kuuzungusha mwili. Anayetumia mikono peke yake atachoka kabla ya kufika popote. Ukipinduka, inama mbele, vuta kitanzi cha sketi ya kuzuia maji, sukuma kwa mikono kando ya nyonga, utatoka. Usikiache chombo. Mwenzio atakileta chake ubavuni, atakimwaga maji chako, atakishika mpaka upande. Filimbi moja, nitazame. Filimbi tatu, kuna shida.

Maelezo hayo yalimchukua dakika chache kwa mtu mmoja. Kapteni alikuwa bado kwenye historia.

Historia ya Kapteni huanza na Henry Morton Stanley na huishia kwa Kapteni, na katikati hamna mtu. Alieleza jinsi Stanley, mwaka 1875, alivyolizunguka ziwa lote kwa chombo chake Lady Alice, na jinsi yeye binafsi anavyouhisi undugu na mtu huyo kila anapogusa kasia. Ni undugu wa haki zaidi kuliko anavyodhani. Lady Alice ilitengenezwa Uingereza kwa vipande, ikabebwa kutoka pwani vichwani na mabegani mwa wapagazi wa Kiafrika, na ilipofika majini walioivuta kwa makasia walikuwa watu wa Stanley. Yeye alikaa, akatazama mbele, akaandika kitabu.

Na kayaki yenyewe? "Uvumbuzi wa Wazungu," alisema, akipita haraka. La hasha. Ni chombo cha watu wa Aktiki, Inuit na jirani zao, waliokifanya kwa kiunzi cha mbao zilizoletwa na maji, au mifupa, na ngozi za sili zilizoshonwa zikabana, ili mwindaji aweze kumkaribia mnyama kimyakimya akiwa amekaa karibu usawa wa maji. Mambo mawili ambayo mwanagenzi huyashangaa siku ya kwanza, yaani makalio kulowa na boti za injini kutokuona kabisa, yote yanatokana na urithi huo wa kukaa chini. Kwa sababu hiyo mwongozaji humvisha kila mtu rangi kali, na huwa hathubutu kukatiza njia ya kivuko cha Mbita na Luanda Kotieno bila kwanza kukitazama kiko wapi. Kivuko hakisimami kwa ajili ya mtu.

Nguzo ya pili ilikuwa kina. "Chini yenu," Kapteni alinong'ona, "kuna mita elfu moja na mia nne." Nesi wa Sori aligeuka kumtazama mwongozaji. Kapteni alikuwa ameazima kina cha Ziwa Tanganyika. Victoria haizidi mita 80 hivi hata penye kina kirefu zaidi, na sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam ni mita chache tu. Lakini hapa, na ni haki kusema, Kapteni alikaribia jambo la maana bila kukusudia, kwa sababu mtu hahitaji mita 1,400 ili azame. Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichojaza watu kupita kiasi, kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania, na zaidi ya watu 200 wakafa wakiwa wanaona nchi kavu. Mwongozaji hakuhutubia juu ya habari hiyo. Alipita tu akivuta mikanda ya majaketi, mmoja baada ya mwingine, na kijana wa benki aliyelegeza lake kwa sababu ya joto alilikuta limekazwa upya.

Kisha ikaja hadithi.

Kila hotuba ya Kapteni ina hadithi hii, na huja pale wasikilizaji wanapoanza kuangalia simu. Ilikuwa mwaka fulani, saa nane mchana, maji "yalipokuwa yamejaa vizuri". Kapteni aliondoka Mbita peke yake kuelekea Takawiri, kisiwa chenye mchanga mweupe na minazi, kilicho magharibi. Alipiga kasia kwa ushujaa. Kwa sababu ambazo sayansi bado inazichunguza, Takawiri ilizidi kuwa mbali. Jioni ilipofika aligundua kwamba alikuwa ameweka historia: alikuwa amekwenda mashariki, ndani kabisa ya ghuba, "safari ya kwanza kabisa ya kayaki kutoka Mbita kuelekea Homa Bay, ambayo haikuwa imepangwa na mtu yeyote." Hapo alichagua kupumzika ndani ya magugu maji.

Magugu hayo hayahitaji kuchaguliwa. Tangu gugu maji lilipoingia upande wa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1980 au mwanzoni mwa ile ya 1990, limekuwa likisafiri na upepo kama lenye nia yake. Ghuba iliyo wazi asubuhi inaweza kuwa imefungwa jioni, na zulia likishanenepa kayaki haipenyi, kasia halizami, na ukishuka huna pa kukanyaga. Mwongozaji yeyote wa huko, kabla hajapeleka watu, huwapigia simu wavuvi wa ufuo anakoelekea kuuliza magugu yako wapi leo.

"Nikaona taa," Kapteni aliendelea. "Nikaiamuru boti ya omena isimame."

Wavuvi wa omena hutoka jioni na taa zao, kwa kuwa samaki hao wadogo hufuata mwanga, na usiku usio na mwezi ndio wenye pato. Mtu anaweza kukisia furaha yao walipokutana na kofia yenye nanga ndani ya magugu saa ileile ambayo walipaswa kuwa wanatega nyavu. Walimfunga kamba, wakamvuta mpaka Mbita. Kapteni alilipa petroli. Katika hotuba, malipo hayo huitwa "mchango wangu kwa sekta ya uvuvi," na kamba huitwa "mafunzo ya vitendo niliyowapa kuhusu uokoaji." Wanaume wawili waliokuwa wakishona wavu chini ya mti, karibu kabisa, waliinua vichwa kwa pamoja waliposikia neno mafunzo. Mmoja alisema kitu kwa Dholuo. Mwenzake aliweka sindano chini ili acheke vizuri.

Saa mbili na nusu Kapteni alitangaza mapumziko ya chai, maana koo lilikuwa limekauka na nguzo zilizobaki zilikuwa tisa. Aliingia kibandani. Chai ilikuja na chapati, na chapati zilikuja na mwenye kibanda, ambaye hakuwa amewahi kuisikia hadithi ya Kilifi.

Ndipo wanagenzi wakaingia ziwani.

Walikwenda kwa kufuata ufuo, kama wanagenzi wanavyopaswa kwenda, mwongozaji mbele na msaidizi wake nyuma, kila chombo kikionekana na vingine. Mwendo wa mtu anayejifunza ni kilomita tatu au nne kwa saa, ukiondoa muda wa kuzunguka mahali pamoja, ambao katika nusu saa ya kwanza huwa mwingi. Kayaki huenda kushoto ukiiamuru kulia. Vidole gumba huanza kuwaka. Baadaye, bila mtu kujua ni lini hasa, mikono inaacha kupigana na maji na chombo kinanyooka chenyewe. Walimu wawili waliokuwa wakigombana juu ya nani anavuruga mdundo walinyamaza, wakajikuta wamewaacha wenzao nyuma. Mwongozaji aliwazuia kwa kuliinua kasia lake juu, limelala mlalo: simameni.

Aliwasimamisha mbali na kichaka cha mafunjo. Viboko hulala majini mchana, kwenye maji mafupi yenye majani, na hutoka usiku kula nchi kavu. Hatari yao kubwa ni mtu kujikuta kati ya kiboko na kina chake. Kayaki haina injini ya kumshtua mapema. Kwa hiyo sheria ni kupita mbali, kwa kelele kidogo, na kutokwenda alfajiri mno wala magharibi kwenye midomo ya mito, hasa ule mto Kuja unaoingia ziwani Nyatike, Kaunti ya Migori, ambako wenyeji hawahitaji kuelezwa. Mwezi uliotangulia Kapteni alikuwa amewaambia wasikilizaji wengine kwamba kiboko ni "ng'ombe wa baharini, mla majani, mpole akiheshimiwa." Ni kweli kwamba anakula majani.

Kijana mmoja wa benki alipinduka. Ilikuwa penye maji ya kifuani, na ilitokea kama inavyotokea kwa wengi: si kwenye wimbi bali akiwa amesimama tuli, amegeuka nyuma apigwe picha. Alizama, akavuta kitanzi, akaibuka akitema maji, mkono mmoja ukiwa umeng'ang'ania chombo. Akamwagiwa maji, akapandishwa. Wenzake walipiga makofi. Simu haikuibuka.

Waliporudi, jua lilikuwa limepanda na mistari ya kwanza ya upepo ilikuwa imeanza kuonekana upande wa magharibi. Kapteni alitoka kibandani akifuta mdomo, akawakuta wamekaa mchangani walewale, mahali palepale, wameloa toka kofia hadi viatu. Aliwatazama kwa muda mrefu. Halafu uso wake ukalainika.

"Jasho," alisema. "Mwanafunzi makini hutoka jasho kwa kusikiliza tu. Sasa, nguzo ya tatu."

Nesi wa Sori aliinua mkono. Alitaka kujua kuhusu kichocho, kwa kuwa yeye huwaona wenye ugonjwa huo kazini. Kapteni alimhakikishia kuwa kichocho ni ugonjwa wa Mto Nile na kwamba chumvi ya bahari huua kila kitu. Nile, bila shaka, hutokea katika ziwa hilihili, kule Jinja, Uganda. Na chumvi haipo. Nesi alimshukuru, akawageukia walimu, akawaambia kilichobaki: vimelea hutoka kwenye konokono wanaoishi maji mafupi yenye majani ya ufuoni, huingia kupitia ngozi kwa dakika chache, kwa hiyo mtu asikae akichezea maji pembezoni, ajikaushe kwa taulo mara atokapo, na baada ya wiki kadhaa akapimwe, ipo dawa, praziquantel, na inapatikana. Walimu waliinuka wote kwa pamoja kutafuta taulo. Kapteni aliliona hilo kama heshima, akawapungia mkono wakae.

Nguzo ya nne haikufika. Saa tano upepo uliirusha kofia, ikaenda na nanga yake mpaka kwenye turubai la omena zilizokuwa zikianikwa, na mama mwenye turubai aliirudisha ikiwa na harufu ambayo haitoki kwa sabuni moja. Kapteni alifunga kikao kwa tangazo. Wale waliohitimu leo, alisema, wako tayari kwa hatua ya juu: msafara wa kayaki kutoka Muhuru, Kaunti ya Migori, hadi Migingo. Migingo ni mwamba usiotimia hata ekari moja, wenye mabanda ya mabati yaliyobanana na mgogoro wa miaka mingi kati ya Kenya na Uganda juu ya nani mwenyewe. Hata kwa boti ya injini si safari ya kuifanya bila kuangalia anga mara mbili. Mwalimu wa jiografia alishindwa kujizuia, akauliza kama wataondoka pia saa nane na robo.

Kapteni alimsikitikia. Muhuru, alifafanua, ipo mpakani kabisa na Tanzania. Jedwali la Kilindini halifanyi kazi kule. Ameshaagiza la Dar es Salaam.